Daredevil ya 2003: waigizaji walikosewa, au mkasi ndio uliowaponza?

MtazamajiMakini

Wakuu, habari zenu.

Nataka kuirudia Daredevil, filamu ya shujaa wa katuni za Marvel, ile ya Februari 2003 iliyoongozwa na Mark Steven Johnson, Ben Affleck akiwa steringi, yaani Matt Murdock, wakili kipofu ambaye usiku huvaa kinyago na kuwa Daredevil. Sifa yake naijua. Ikitajwa tu, watu husema Affleck hakufaa, Jennifer Garner hakufaa kuwa Elektra, mpenzi wa Matt, Colin Farrell kama muuaji Bullseye alizidisha, na mjadala unaishia hapo. Naona hukumu hiyo inarudiwa kwa mazoea. Wengi wanaoitoa siku hizi wanamlinganisha Affleck na Charlie Cox wa tamthilia ya 2015, ambayo msimu wa kwanza pekee una vipindi 13. Mtu aliyepewa saa kumi na zaidi kumjenga mhusika hawezi kupimwa kwa mizani moja na aliyepewa saa mbili zisizotimia.

Naomba wanaoijua vizuri wanisaidie. Nasikia kuna matoleo mawili. Nitazame lipi, na nitalitambuaje? Nikishakaa kuitazama, nitatenganishaje kosa la aliyeteua waigizaji na kosa la aliyeandika, aliyekata au aliyeshona mavazi? Halafu tupite mmoja mmoja: nani alifaa na nani hakufaa? Majibu ya "mbovu tu" au "mbona nzuri tu" hayatanisaidia. Nionyesheni mahali kwenye picha nikaone mwenyewe.

FundiMkasi

Mkuu, anza na toleo, maana ukikosea hapo hukumu yote inakwenda mrama.

Lililopita kwenye majumba ya sinema lina dakika 103 na daraja la PG-13 (tahadhari kwa watoto chini ya miaka 13). Toleo la mwongozaji lilitoka kwenye DVD mwishoni mwa 2004, lina dakika 133 na daraja la R (chini ya miaka 17 lazima awe na mtu mzima). Maandishi ya kava au jina la faili yasikudanganye, angalia urefu. Ila kuna mtego: DVD za mfumo wa PAL huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima hufupika kwa asilimia 4 hivi. Ukikuta dakika 99, hilo ni la sinema. Ukikuta 127 au 128, ni la mwongozaji na halijakatwa kitu. Tena kwenye PAL sauti mara nyingi hupanda karibu nusu toni. Kwa mada yako hilo si jambo dogo, kwa sababu besi ya Michael Clarke Duncan, anayecheza Kingpin, bosi wa wahalifu, ni nusu ya uigizaji wake. Ikipandishwa, unampima mtu mwingine. Ukiwa na diski ya PAL na programu ya kuchezesha inayoruhusu kubadili mwendo, weka 0.96 na uzime kile kipengele cha kulinda kimo cha sauti, ili sauti ishuke pamoja na picha.

Huna muda wa kupiga hesabu? Tafuta alama hizi. Katika toleo refu yumo Coolio, akicheza Dante Jackson, mtu anayeshtakiwa kwa mauaji na kutetewa na Matt Murdock na wakili mwenzake, Foggy Nelson. Asipokuwemo, unatazama lile fupi. Alama nyingine ni usiku wa mvua juu ya paa. Kwenye toleo fupi Matt anabaki na Elektra na wanalala pamoja. Kwenye lile refu anasikia mtu anahitaji msaada, anamwacha Elektra na kwenda.

Badiliko hilo moja linambadilisha mhusika mzima. Matt wa toleo fupi anausikia mji ukilia kisha anachagua kitanda, halafu filamu inatutaka tuamini kwamba kazi yake imemla maisha. Watazamaji wengi wa 2003 walitoka wakisema Affleck haonyeshi mzigo wa mhusika. Aliuonyeshea wapi, kama kipande chenyewe kilichoubeba kilibaki chumba cha uhariri?

Na kesi ya Dante ndiyo uti wa mgongo. Bila hiyo, Matt ni wakili kwa jina tu, Foggy ni mchekeshaji wa pembeni, Ben Urich, mwandishi wa habari, anatembea na daftari bila kazi, na mwishoni polisi wanamfuata Kingpin bila mtazamaji kuelewa vizuri ushahidi umetoka wapi. Ndani ya kesi hiyo kuna jambo ambalo kwangu ndilo wazo bora la filamu yote. Matt humjua mwongo kwa kusikiliza mapigo ya moyo. Anamsikiliza polisi aliye kizimbani, moyo hauyumbi, anaamini shahidi anasema kweli. Kumbe yule polisi amewekewa kifaa cha kuratibu mapigo. Kipawa chake kinamdanganya, na Affleck inabidi acheze mtu anayegundua kwamba sikio lake si hakimu. Hakuna kipande kama hicho katika dakika 103.

Nafasi ikiruhusu, tazama fupi kwanza, refu siku inayofuata. Usiache wiki ipite katikati, utasahau kipande gani kilikuwa wapi. Ukiwa na jioni moja tu, tazama refu.

BintiPangani

Fundi kamaliza upande wa toleo. Mimi nije kwenye swali lako la kutenganisha makosa, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza.

Chagua vipande sita hivi, kila kimoja kisizidi dakika mbili au tatu. Pita mara ya kwanza bila sauti kabisa. Pita mara ya pili ukiwa umeipa skrini mgongo, unasikiliza tu. Andika sentensi moja baada ya kila mpito, kisha ndipo utazame kwa kawaida. Bila sauti utaona kama mwili unaeleza kitu. Kwa sauti peke yake utasikia kama maneno yanambeba mwigizaji au yeye ndiye anayeyabeba. Maneno yakiwa mabovu na bado unamwamini, aliyemteua alipatia. Maneno yakiwa mazuri na humwamini, uteuzi ulikosewa. Vyote vikiwa vibaya, usimhukumu mtu hapo, nenda kipande kingine.

Kwa Affleck nakushauri usianze na mapigano. Anza usiku anaporudi nyumbani baada ya kumshughulikia Quesada, mbakaji aliyeachiwa na mahakama. Anavua vazi, mwili umejaa makovu, anaingia bafuni, anatema jino, anameza vidonge vya maumivu, kisha anajilaza ndani ya tangi la maji na kufunga kifuniko ili kelele za mji zimwache alale. Maneno ni machache mno. Hapo Affleck ni sahihi: bonge la mwanaume, lakini anatembea kama mtu aliyepigwa. Steringi wengi wa miaka ile hawakuruhusiwa kuonekana wamechoka hivyo.

Kisha tazama pale anapompiga mtu mbele ya mtoto wake. Mtoto analia, anamwogopa, naye anajaribu kumwambia kwamba mbaya si yeye. Amevaa kinyago, macho yamefichwa, kilichobaki ni kidevu, mdomo na sauti. Hili ndilo tatizo la vazi. Kinyago kile cha ngozi kinafunika nusu ya juu ya uso, na Affleck ni mwigizaji anayefanya kazi kwa paji la uso na nyusi. Ukimfunika hapo umemnyang'anya vyombo vyake. Mtu anayecheza kwa mdomo na taya angeumia kidogo zaidi. Kwa hiyo nasema hivi: Affleck alifaa kuwa Matt na hakufaa sana kuwa ndani ya kinyago kile. Hayo ni mambo mawili, na wengi wameyafanya moja.

Kuhusu upofu, alifanya kazi ya kweli. Alivaa lenzi nzito zilizomzuia kuona, na alijifunza kwa Tom Sullivan, mwigizaji na mwimbaji asiyeona. Mahali pa kupima si macho, ambayo mara nyingi yako nyuma ya miwani. Pima mikono na sikio. Noti zinakunjwa kwa namna tofauti ili azijue thamani kwa kugusa, nguo zina vibandiko vya nukta nundu, kila kitu chumbani kina mahali pake. Angalia kama mkono unakifikia kitu moja kwa moja au unatafuta. Angalia anapoitwa, kinachotangulia ni kidevu au sikio. Ukiona sikio linatangulia, huyo ameelewa.

MzeeWaKatuni

Kwa Kingpin nitasema wazi: huyo ndiye aliyeteuliwa vizuri kuliko wote, na sababu si umbo tu.

Kwenye katuni Wilson Fisk, ndilo jina halisi la Kingpin, ni mzungu, tangu alipotokea mara ya kwanza katika The Amazing Spider-Man namba 50 ya Julai 1967. Kumpa nafasi Michael Clarke Duncan kulileta maneno mengi wakati ule. Lakini Fisk ni nani? Ni mtu anayeingia chumbani na chumba kinapungua. Duncan alikuwa na urefu wa karibu mita 1.96, na kwa filamu hii aliongeza kilo zipatazo 18. Alikuwa ametoka kuteuliwa kuwania Oscar kwa The Green Mile, ambako alicheza mtu mpole mno. Upole ule ule anauleta hapa kama chombo cha kutishia. Fisk wake anacheka, anavuta sigara, anaongea taratibu. Sikiliza anavyozungumza na Wesley, msaidizi wake: hapandishi sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

Kuna jambo la umri ambalo halisemwi. Filamu inamfanya Fisk kuwa ndiye aliyemuua Jack Murdock, baba yake Matt. Kwenye katuni hiyo ni kazi ya watu wa Fixer, na kwenye filamu bosi huyo wa ndondi ni Fallon, anayechezwa na Mark Margolis. Ili badiliko hilo liwezekane, Fisk lazima awe kijana mwenye nguvu Matt akiwa mtoto, na bado awe mbabe Matt akiwa mtu mzima. Duncan alizaliwa 1957, Affleck 1972. Miaka 15. Matt akiwa na miaka 12, Fisk ana 27: umri hasa wa kutumwa kuua. Hesabu inakaa bila kumpaka mtu unga kichwani. Ukimweka mwigizaji wa miaka 60, au wa rika la Affleck, hadithi inavunjika.

Kinachomwangusha ni muda. Pambano lao la mwisho ofisini ni fupi mno. Wazo lake ni zuri: Matt anapigwa kama gunia, kisha anapasua bomba la maji la kuzimia moto, maji yanamwagika, sauti ya matone inamchorea Fisk alipo, na anamvunja miguu. Lakini kabla ya hapo wawili hawa hawajakaa meza moja. Adui na steringi hawajuani, kwa hiyo kisasi kina uzito kwenye karatasi tu. Vincent D'Onofrio, aliyecheza Fisk kwenye tamthilia ya 2015, alipewa vipindi kumi na tatu vya kupika yai, kununua mchoro, kupenda na kulia. Duncan alipewa vipande vichache vya ofisini, na bado leo ukisema Kingpin wa filamu hii hakuna anayeuliza yupi.

NyundoNaPatasi

Wadau, naheshimu mlichoandika, ila kwa Affleck na Garner mnawabembeleza.

Matt Murdock ni Mkatoliki mwenye hatia moyoni. Anatetea sheria mchana na kuivunja usiku. Affleck wa 2003 alikuwa na wepesi wa mtu aliyezoea kupendwa. Akitakiwa kuonyesha hatia, anaonyesha kununa. Msikilize kwenye masimulizi ya sauti, yale anayosimulia maisha yake baada ya kuanguka amejeruhiwa kanisani. Anasoma kama mtu anayesoma, hasemi kama mtu anayetubu. Hapo hakuna kinyago wala mhariri wa kumsingizia, ni yeye na maikrofoni tu.

Na Garner? Elektra Natchios ni Mgiriki, baba yake anachezwa na Erick Avari mwenye lafudhi, binti anaongea Kimarekani kitupu na hakuna anayeeleza. Elektra wa katuni ukimwona unajua ataua. Garner ukimwona unajua atakusaidia kubeba mizigo.

BintiPangani

Ndugu Nyundo, kwenye masimulizi ya sauti nakubaliana nawe bila kupunguza kitu. Ndiyo sehemu yake dhaifu kuliko zote. Ningeongeza tu kwamba maneno yenyewe yanaeleza picha ambayo tayari tunaiona, na mwigizaji akiambiwa aseme kinachoonekana, hana pa kushika.

Kwa Elektra, hebu tupime kwa kalenda. Elektra alitokea kwenye Daredevil namba 168, Januari 1981, kwa kalamu ya Frank Miller. Tayari ni muuaji wa kukodiwa, na mapenzi yake na Matt ni ya zamani, ya chuo. Baba yake alikufa miaka mingi nyuma. Akauawa na Bullseye namba 181, Aprili 1982. Mwaka na robo wa kumngojea, na kabla yake miaka ya ujana ambayo hatuioni lakini tunaihisi. Filamu inamkutanisha na Matt mgahawani, inawapiganisha uwanja wa watoto, inawapa mapenzi, inamuua baba, inampa kisasi, na inamuua yeye, vyote ndani ya siku chache. Mwigizaji yeyote duniani angeonekana anaruka.

Angalia alichopewa na alichofanya nacho. Alikuwa tayari anacheza jasusi kwenye tamthilia ya Alias, mwili wake ulishajua kupigana. Katika pambano la uwanja wa watoto, kwenye zile bembea za ubao, kamera inathubutu kukaa mbali na kumwonyesha mzima, kichwa mpaka mguu. Huwezi kufanya hivyo na mwigizaji asiyeweza. Anayeonekana wa ajabu pale ni Matt: wakili anayejulikana kuwa haoni, mchana kweupe, mbele ya watoto, anaonyesha siri ambayo ameificha tangu utotoni. Hilo ni kosa la mwandishi, na linawachafua wote wawili.

Lakini Nyundo ana hoja moja ambayo siwezi kuipangua. Garner ana wema usoni usiofutika. Kipande cha mazoezi, anapopasua magunia ya mchanga kwa sai, visu vyake vya ncha tatu, huku wimbo wa Evanescence ukinguruma, kipite bila sauti. Mikono iko sahihi, miguu iko sahihi, uso unaomba radhi. Alifaa kwa Elektra kabla ya baba kufa. Kwa Elektra wa baada ya hapo alihitaji ama muda zaidi, ama mtu mwingine.

MzeeWaKatuni

Kuhusu Ugiriki: lafudhi ilikuwa kosa la kutosema, si la kuteua. Sentensi moja ya kwamba amesomea Marekani ingetosha. Na kama ni uaminifu kwa kitabu, linganisha kifo chake na namba 181. Karata inampasua koo, sai yake mwenyewe inamchoma, anajikokota kumfikia Matt. Mpangilio umechukuliwa ukurasa kwa ukurasa, na Garner kwenye kujikokota kule hana neno hata moja. Bila sauti kinasimama.

MtazamajiMakini

Asanteni sana, mmenipa kazi ya wiki. Mnaweza kuniambia kuhusu Colin Farrell? Nasoma kwamba alizidisha, na wengine wanasema ndiye pekee aliyeielewa filamu. Na pia, kwa nini kwenye mapambano kanisani miili yao inaonekana haina uzito?

FundiMkasi

Mkuu, nianze na uzito, kisha Farrell, kwa sababu vinagusana.

Mwaka 2003 mwili wa kompyuta ulikuwa bado haujui kuanguka. Mtu wa kweli akiruka, kabla mguu haujaondoka chini goti hukunjika na nyonga hushuka. Akitua, bega huchelewa kidogo kufika. Mwili wa kompyuta wa wakati ule huondoka bila kujikusanya na hutua bila kuchelewa. Kwenye juu ya majengo na ndani ya kanisa, kati ya mabomba ya kinanda, wanabadilishana: shoti moja mtu, shoti moja kompyuta, shoti moja mtu wa kumchezea akiwa kwenye waya. Ukitaka kuona mpaka, simamisha picha na utazame mikunjo ya ngozi kwenye kiwiko na nyuma ya goti. Mikunjo ikitoweka, Affleck hayupo hapo. Mtazamaji hajui hilo, anahisi tu kwamba "jamaa haaminiki", na lawama inamwangukia mwenye jina kwenye bango. Mwaka uliofuata alipewa Razzie, tuzo ya dhihaka, ya mwigizaji mbaya, na watu hutaja hiyo kama ushahidi dhidi ya Daredevil. Tuzo ile ilimhesabia filamu tatu kwa pamoja, hii pamoja na Gigli na Paycheck.

Sasa Farrell. Bullseye ni adui asiye na hadithi ya nyuma, ana shabaha tu. Filamu inamtambulisha kwenye baa London akirusha vishale, kisha kwenye ndege anamuua bibi aliyemchosha kwa maneno, kwa punje ya karanga. Farrell aliachiwa lafudhi yake ya Ireland, na paji la uso likawekwa alama ya shabaha mahali pa kinyago. Uamuzi huo ndio uliomwokoa: kila kilichofungwa kwa Affleck, kwake kiko wazi. Macho, nyusi, meno. Tena anacheza mtu anayefurahia kazi yake, na kwenye filamu ambayo kila mtu analia mvua ikinyesha, mtu mwenye furaha anaonekana amezidisha. Weka kipande cha ndege kando ya kipande cha mazishi ya Natchios uone. Si kwamba anacheza kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Anacheza filamu ya mwendo mwingine, na mwongozaji hakuamua ipi ni filamu yake.

Kwangu aliteuliwa vizuri na akaongozwa kwa ulegevu. Ukimtazama kama Penguin kwenye The Batman ya 2022, amefunikwa uso mzima kwa mpira, utaona mtu yule yule akiwa na mwongozaji aliyemwekea mipaka.

NyundoNaPatasi

Kwa Farrell sina ubishi. Na kabla hamjamaliza, mtajeni Jon Favreau. Foggy wake ndiye anayemfanya Matt awe na rafiki, na bila rafiki yule Affleck angekuwa amenuna dakika zote. Mtazame mgahawani siku Elektra anaingia: Favreau yuko pembeni ya fremu, hana kazi pale, lakini anamsikiliza Matt kwa namna inayokwambia wamejuana tangu chuo. Huyo huyo miaka mitano baadaye akaongoza Iron Man.

Ila kwenye Ellen Pompeo naona uchungu. Karen Page anayemcheza ni mtu mzito kwenye katuni, na hapa amewekwa mapokezi na vipande viwili vitatu. Miaka miwili baadaye alianza kubeba tamthilia ya Grey's Anatomy. Mwigizaji alikuwepo jengoni na hakuna aliyemfungulia mlango.

BintiPangani

Ndiyo maana nasema Favreau apimwe kwenye toleo refu tu. Kule mahakamani anasimama kama wakili, anahoji, anakosea, anajikusanya. Kwenye fupi hayo hayapo na anabaki mtu wa utani.

MtazamajiMakini, vipande vyako sita hivi hapa, vyote vya toleo refu ukiweza: usiku wa jino na tangi la maji; mtoto anayelia; bembea za ubao; Fisk na Wesley ofisini; karanga ndani ya ndege; shahidi mwenye kifaa cha moyo. Kile cha mwisho usikipite bila sauti, maana sauti ndiyo kipande chenyewe. Kisikilize kwa spika za masikioni, na umtazame Affleck wakati pigo linaendelea bila kubadilika.

MtazamajiMakini

Nimeviandika. Diski niliyonayo inaonyesha dakika 128, kwa hiyo kwa hesabu ya Fundi ni PAL na ni la mwongozaji. Naanza kwa kuweka mwendo 0.96 nimsikie Duncan kwa sauti yake.

FundiMkasi

Sawa kabisa. Na usizime majina yakianza kupita mwishoni. Kuna kipande cha Bullseye yuko kitandani hospitali, amefungwa bandeji mwili mzima, na nzi. Sekunde chache tu, Farrell amebakiwa na macho na vidole.